Mgonjwa Anapokubali Kiungo cha Mnyama



Tarehe 20 Septemba 2023, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, mwanamaji mmoja mstaafu alilazwa juu ya meza ya upasuaji, kifua chake kikapasuliwa, moyo wake ukatolewa, na mahali pake ukawekwa moyo wa nguruwe. Jina lake aliitwa Lawrence Faucette, naye alikuwa na umri wa miaka 58. Alikuwa amelitumikia Jeshi la Wanamaji la nchi yake kwa muda wa miaka 20.

Askari huyo hakuamriwa. Alikwisha kuvua sare zamani, na hata kama angalikuwa bado kazini, hapana kamanda mwenye haki ya kumwamuru mtu apokee moyo wa mnyama. Alikubali mwenyewe. Moyo wake ulikuwa umechoka kabisa; mishipa yake ya damu ilikuwa mibovu, tena alikuwa na tatizo la kuvuja damu ndani ya mwili, hata ikaonekana kuwa hafai kuwekewa moyo wa binadamu. Kabla ya kupasuliwa alieleza kwamba tumaini pekee la kweli lililombakia lilikuwa ni moyo wa nguruwe. Wala hakuwa mtu wa kudanganywa kwa maneno ya kitaalamu, maana baada ya kuacha jeshi aliwahi kufanya kazi ya maabara katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani.

Aliishi karibu wiki sita. Katika mwezi wa kwanza alifanya mazoezi ya viungo na kucheza karata na mkewe kando ya kitanda. Kisha mwili ukaanza kuukataa moyo ule, naye akafariki dunia tarehe 30 Oktoba 2023. Mkewe alisema baadaye kwamba marehemu alijua kuwa siku zake zilikuwa chache, na kwamba aliiona operesheni hiyo kuwa nafasi yake ya mwisho ya kuwafanyia wengine jambo.

Magazeti mengi ya dunia yalisifu ustadi wa madaktari, na ustadi huo ni mkubwa kweli. Lakini lipo neno moja lililotangulia kisu cha daktari, nalo ni neno "nakubali". Neno hilo lina uzito gani linapotamkwa na mtu ambaye milango mingine yote imefungwa mbele yake?

Sababu ya madaktari kumwendea mnyama ni uhaba. Nchini Marekani peke yake watu zaidi ya 100,000 wamo katika orodha ya kungojea viungo, na walio wengi wanangojea figo. Kila siku wapo wanaofariki wakiwa bado wanangoja. Katika Afrika ya Mashariki jambo hili linafahamika kwa sura nyingine: tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, na Mulago nchini Uganda mwaka 2023, mgonjwa hutegemea ndugu yake aliye hai amkatie figo moja. Asiye na ndugu anayefaa hubaki na mashine ya kusafisha damu, kama anaweza kuilipia.

Nguruwe amechaguliwa kwa kuwa viungo vyake vinakaribiana kwa ukubwa na vya binadamu, hukua upesi na huzaa sana. Ila mwili wa binadamu humtambua mara moja, kama mlinzi wa lango anavyomtambua asiye na kitambulisho, na kinga ya mwili huweza kukiharibu kiungo chake kwa muda wa dakika au saa chache. Kwa hiyo wataalamu hubadilisha kwanza chembe za urithi za nguruwe: zile zinazouchokoza mwili wa binadamu huzimwa, na baadhi ya chembe za binadamu huingizwa. Nguruwe aliyetoa moyo wa Faucette alikuwa amefanyiwa mabadiliko 10 ya namna hiyo. Hata hivyo mgonjwa hana budi kutumia dawa kali za kuidhoofisha kinga yake, na dawa hizo humwacha wazi kwa maradhi mengine. Haya yote mgonjwa huelezwa kabla ya kutia sahihi.

Mtu wa kwanza kuwekewa moyo wa nguruwe uliobadilishwa namna hiyo alikuwa David Bennett, mwenye umri wa miaka 57, naye alipasuliwa katika hospitali hiyo hiyo ya Baltimore tarehe 7 Januari 2022. Hakuweza hata kuinuka kitandani. Mashine ndiyo iliyokuwa ikimsukumia damu mwilini. Serikali ya Marekani, kwa njia ya idara yake ya kusimamia vyakula na dawa, ilitoa kibali cha dharura siku ya mkesha wa mwaka mpya. Bennett alieleza kwa ufupi kwamba ama afe ama apokee moyo huo, na kwamba alitaka kuishi, ingawa alijua kuwa ni kama kupiga risasi gizani. Daktari wake, Bartley Griffith, alisimulia kwamba mgonjwa alipopewa habari ya moyo wa nguruwe aliuliza kama atakuwa akikoroma kama nguruwe. Wapo waliocheka. Lakini mtu anayeweza kutania mbele ya kifo amekwisha kuelewa kinachozungumzwa.

Bennett aliishi miezi miwili, akafariki tarehe 8 Machi 2022. Baadaye iligunduliwa kwamba moyo ule ulikuwa na virusi vya nguruwe ambavyo vipimo vya awali havikuvinasa. Hapo ndipo unapoonekana ugumu wa ridhaa katika mambo mapya: mgonjwa alielezwa kila lililojulikana, lakini lililomngojea ndani ya moyo ule halikujulikana na yeyote, hata na waliomweleza.

Kisa chake kina upande mwingine ambao askari polisi watataka kuusikia. Muda mfupi baada ya operesheni, gazeti la Washington Post liliandika kwamba mwaka 1988 Bennett alimchoma kisu kijana mmoja mara kadhaa, kijana huyo akapooza, na Bennett akahukumiwa kifungo. Watu wa familia ya kijana yule, ambaye alikuwa amekwisha kufariki, walisikitika kuona mkosaji akisifiwa duniani kote kuwa shujaa. Uchungu wao unaeleweka. Hospitali ilijibu kwamba humtibu kila mgonjwa kwa kuangalia haja yake ya matibabu, siyo maisha yake ya nyuma. Jibu hilo ni sahihi, na mlinzi wa sheria ndiye wa kwanza anayepaswa kulielewa. Hukumu ilitolewa na mahakama na kifungo kilitumikiwa. Daktari si hakimu wa rufani. Tena ingekuwa hatari kubwa kama wangepatikana watu wa kusema kwamba, maadam mtu alipata kuwa mfungwa, basi na afanyiwe majaribio, hasara yake si kitu. Fikira hiyo imepata kutawala katika nchi nyingine, na historia yake ni chafu.

Kwa hakika zamani hata swali lenyewe halikuulizwa vizuri. Mwezi Januari 1964, katika jimbo la Mississippi, daktari James Hardy alimwekea mgonjwa moyo wa sokwe. Mgonjwa huyo alikuwa amezimia hana habari. Aliyetia sahihi alikuwa dada yake wa kambo, na karatasi aliyotia sahihi ilitaja kuhamishwa kwa moyo, bila kumwambia kwamba moyo huenda ukawa wa mnyama. Moyo ule ulipiga kwa kitambo kifupi, kisha ukasimama palepale mezani. Miaka 20 baadaye, mwezi Oktoba 1984, huko Loma Linda katika jimbo la California, daktari Leonard Bailey alimwekea mtoto mchanga moyo wa nyani. Ulimwengu ulimjua mtoto yule kwa jina la kupanga la Baby Fae. Aliishi kama wiki tatu. Wazazi walikubali kwa niaba yake, lakini mabishano yakaendelea kwa miaka mingi juu ya kama walielezwa vya kutosha kuhusu njia nyingine zilizokuwepo.

Na mwezi Januari 1997, katika jimbo la Assam nchini India, daktari Dhani Ram Baruah alimwekea mwanamume wa miaka 32 moyo wa nguruwe. Mgonjwa alifariki baada ya siku chache, polisi wakaingia, daktari akakamatwa na kukaa mahabusu siku 40. Mashtaka yalitokana na sheria ya India ya mwaka 1994 juu ya kupandikiza viungo. Hivyo jambo hili si geni kwa polisi. Panapokosekana kibali cha serikali na ushahidi wa ridhaa, operesheni huacha kuwa tiba, ikawa jalada la uchunguzi.

Jeshi nalo lina historia yake, na katika suala hili ni historia yenye mafunzo. Mwaka 1900 daktari wa Jeshi la Marekani, Meja Walter Reed, alikuwa Cuba akichunguza kama homa ya manjano huenezwa na mbu. Alihitaji watu wa kuumwa na mbu wenye ugonjwa. Hakutoa amri. Watu waliojitolea, wakiwamo askari na wahamiaji wa Kihispania, waliandikiwa mkataba: dola 100 za dhahabu kwa kukubali, na dola 100 nyingine kwa atakayeugua. Wapo waliojitolea na kukataa fedha. Mkataba ule haukuficha kwamba mtu anaweza kufa. Lakini ulitoa na hoja ya kumshawishi: kwamba katika kisiwa kile ni vigumu kabisa kuuepuka ugonjwa, kwa hiyo afadhali mtu aupate kwa kusudi, akiwa chini ya uangalizi mwema wa madaktari. Tena ulisema kwamba aliyetia sahihi hatatoka nje ya mipaka ya kambi mpaka jaribio liishe; akivunja sharti hilo, hupoteza haki zake zote.

Inafaa kuyaangalia maneno hayo kwa makini, kwa sababu yote mawili yamerudi tena katika habari ya viungo vya nguruwe. Utakufa ukikaa, basi jaribu. Na ukiisha kuingia, kutoka si rahisi.

Tuanze na lile la kwanza. Wapo wanaosema kwamba mtu anayekufa hana hiari, kwa hiyo ridhaa yake ni bure. Hoja hii husikika kuwa ya huruma, lakini ndani yake ina dharau. Askari anayejitolea kuvuka mto chini ya risasi ili awatoe wenzake hana njia nyingi za kuchagua, ila hakuna anayesema kwamba hakuchagua. Mgonjwa mahututi naye bado ni mtu mwenye akili, mwenye kuhesabu, mwenye mke na watoto anaowafikiria. Tofauti iko katika kile anachoambiwa. Mtu akiambiwa "utapona" ilhali hakuna aliyewahi kupona, hapo hiari yake imeibwa. Akiambiwa "huenda ukaishi wiki chache, huenda miezi, na huenda usitoke hospitali", kisha akakubali, basi neno hilo ni lake.

Ndiyo maana daktari anayetaka kupasua si mtu mwafaka wa kuwa peke yake na mgonjwa wakati wa kutia sahihi. Anaitaka operesheni. Hata akiwa mwema, sauti yake ina tumaini ambalo mgonjwa hulisikia kuliko maneno. Kanuni za utafiti katika nchi nyingi hutaka kamati huru iyapitie maelezo, na mgonjwa apate mtu mwingine wa kuzungumza naye. Askari anaielewa hatari hii kuliko raia: pale mkubwa anapouliza kikosini "nani anajitolea?", wapo wanaoinua mkono kwa kuogopa kutoinua. Katika kituo cha Edgewood, jimbo la Maryland, tangu miaka ya 1950 hadi 1975, maelfu ya askari wa Marekani walijaribiwa gesi na dawa za kuvuruga akili. Waliitwa watu wa kujitolea, lakini wengi walikuja kulalamika kwamba hawakuelezwa walichokuwa wakipewa.

Doa baya zaidi liko Tuskegee katika jimbo la Alabama. Huko, tangu mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwachunguza watu weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, bila kuwaambia ugonjwa wao na bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Rais Bill Clinton aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Mambo kama hayo hayasahauliki katika nyumba za watu. Bibi humsimulia mjukuu, na mjukuu akiletewa fomu ya hospitali huikumbuka hadithi ya bibi.

Kwa sababu hiyo, kukubali kwa Richard Slayman kulikuwa na uzito wa pekee. Slayman, Mmarekani mweusi wa miaka 62, mtumishi wa idara ya usafiri ya jimbo la Massachusetts, ndiye mtu hai wa kwanza kuwekewa figo ya nguruwe iliyobadilishwa chembe za urithi. Operesheni ilifanyika mjini Boston tarehe 16 Machi 2024. Alikwisha kuwekewa figo ya binadamu mwaka 2018, ikachoka, akarudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu mwaka 2023, na mishipa yake ya kuunganishia mashine ikawa inaziba mara kwa mara. Daktari wake wa figo, Winfred Williams, naye ni Mmarekani mweusi, na walikuwa wakijuana kwa miaka. Slayman alisema kwamba hakuliona jambo hilo kuwa msaada kwake peke yake, bali tumaini kwa maelfu wanaohitaji figo ili waishi. Ugonjwa wa figo huwapata Wamarekani weusi kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao weupe, na kupata figo ya binadamu huwachukua muda mrefu zaidi. Alikufa mwezi Mei mwaka huo huo. Hospitali ikaeleza kwamba haikuona dalili kuwa kifo chake kilitokana na figo ile.

Wagonjwa wa figo walioulizwa maoni yao katika nchi mbalimbali, wengi husema kwamba wangekubali figo ya nguruwe kama itafanya kazi sawasawa na ya binadamu. Wakiambiwa kwamba hatari yake ni kubwa zaidi, idadi ya wanaokubali hushuka sana. Hii ni akili timamu. Wanayouliza ni maswali ya watu wazima: itadumu muda gani? Nitaachana na mashine? Nitarudi kazini? Ikishindwa, nitabaki na nafasi yangu katika orodha ya figo za binadamu? Wachache huuliza kama tabia zao zitabadilika, nao wajibiwe kwa heshima, maana moyo katika lugha za watu wengi ndio makao ya utu.

Swali la dini haliwezi kuachwa, hasa kwa wasikilizaji wa pwani. Mmoja wa wataalamu wakuu wa Baltimore, daktari Muhammad Mohiuddin, ni Mwislamu mzaliwa wa Pakistan, naye amesimulia wazi kwamba hata watu wa nyumbani kwake walishtushwa na kazi yake na nguruwe. Wanazuoni wengi wameshikilia kanuni ya dharura, kwamba kilichokatazwa huruhusiwa pale uhai unapookolewa na hapana njia nyingine. Halafu watu wengi hawajui kwamba kwa miongo mingi vali za moyo za nguruwe zimewekwa katika vifua vya binadamu, kwamba insulini ya wagonjwa wa kisukari ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, na kwamba dawa ya heparini ya kuzuia damu isigande hupatikana katika matumbo ya nguruwe. Hata hivyo, atakayekataa kwa imani yake asisukumwe wala asidhihakiwe. Haki ya kukataa ndiyo inayoipa ridhaa maana.

Sasa lile jambo la pili la mkataba wa Cuba, la kutotoka kambini. Katika majaribio ya kawaida ya dawa, mgonjwa ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Azimio la madaktari wa dunia lililopitishwa Helsinki mwaka 1964, pamoja na masahihisho yake, limelinda haki hiyo. Lakini nguruwe ana virusi vyake, na vingine vimo ndani ya chembe zake za urithi zenyewe. Mwaka 1997 ilithibitishwa katika maabara kwamba virusi vya aina hiyo vinaweza kuingia katika chembe za binadamu. Wataalamu wanaogopa kwamba ugonjwa wa mnyama unaweza kupenya kwa mgonjwa mmoja ukawafikia jamaa zake, na kutoka kwao ukaenea nchini. Kwa hiyo mwongozo wa Marekani unataka mgonjwa afuatiliwe maisha yake yote, damu yake ipimwe mara kwa mara, asitoe damu kwa wengine, na watu wake wa karibu waelezwe hatari hiyo.

Huu ni wajibu mzito kuliko kiapo cha jeshi. Askari hustaafu. Aliyetia sahihi fomu ya kiungo cha nguruwe hapewi cheti cha kustaafu uangalizi. Zaidi ya hayo, mkewe hakutia sahihi, wala watoto wake, lakini nao wamo ndani ya jaribio. Na mgonjwa akichoka baada ya miaka mitatu akasema haji tena hospitali, nani atamfuata? Atatumwa polisi nyumbani kwake akachukuliwe damu kwa nguvu? Wanasheria na madaktari wanabishana juu ya jambo hilo, na hawajakubaliana. Lililo wazi ni kwamba mgonjwa lazima aambiwe mapema, kwa lugha anayoielewa, kwamba mlango huu hufunguka kwa urahisi upande mmoja tu.

Nchini China kulitokea mfano wa namna nyingine. Mwezi Machi 2024 madaktari wa hospitali ya Xijing, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Jeshi la Anga, walimwekea ini la nguruwe mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umekufa. Mtu huyo hakuweza kusema lolote. Familia ndiyo iliyokubali. Baada ya siku 10 familia iliomba jaribio lisimamishwe, na madaktari wa jeshi wakalisimamisha. Hapo angalau neno la kukataa lilikuwa na nguvu sawa na neno la kukubali.

Hali imeendelea kubadilika. Mwezi Februari 2025 serikali ya Marekani iliruhusu majaribio rasmi ya figo za nguruwe, yakianza na wagonjwa sita na kuweza kufika 50. Hawa si kama Bennett na Faucette. Wao ni wagonjwa wasiostahili kupewa figo ya binadamu kwa sababu za kitabibu, au walio kwenye orodha lakini wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kufa au kutoipata kuliko kuipata katika miaka mitano. Wana mashine ya kuwaweka hai, mara tatu kwa wiki, kiasi cha saa nne kila mara. Wana kitu cha kupoteza. Kwa hiyo kupima kwao ni kugumu zaidi, na neno lao, kama limetoka baada ya maelezo ya kweli, lina hiari zaidi.

Towana Looney wa Alabama alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1999 alimpa mama yake mzazi figo moja. Baadaye figo iliyobaki ikaharibika, na tangu mwishoni mwa mwaka 2016 akawa mtu wa mashine. Damu yake ilikuwa na kinga nyingi mno, hata ikawa karibu haiwezekani kumpatia figo ya binadamu inayomfaa. Tarehe 25 Novemba 2024, akiwa na miaka 53, aliwekewa figo ya nguruwe mjini New York na kikundi cha daktari Robert Montgomery, ambaye yeye mwenyewe anaishi kwa moyo aliopandikizwa mwaka 2018. Looney alijua ya waliomtangulia. Alijua habari ya Lisa Pisano wa New Jersey, aliyepewa figo ya nguruwe katika hospitali hiyo hiyo mwezi Aprili mwaka huo, ikaondolewa baada ya siku 47, naye akafariki mwezi Julai. Mama huyo alikuwa amesema kwamba kama haitamfaa yeye, huenda ikamfaa atakayefuata.

Figo ya Looney ilifanya kazi siku 130, muda mrefu kuliko zote zilizotangulia. Kisha akapata maambukizo, madaktari wakapunguza dawa za kudhoofisha kinga ili mwili wake uweze kupambana nayo, na mwili ukaikataa figo. Iliondolewa tarehe 4 Aprili 2025. Looney alisema kwamba matokeo hayakuwa yale yaliyotakiwa na mtu yeyote, lakini mengi yalifunzwa katika siku zile 130. Alirudi nyumbani Alabama, akarudi kwenye mashine. Mtu aliyekuwa amewekewa figo Boston miezi miwili baada yake, Tim Andrews wa New Hampshire, aliendelea na yake mpaka mwezi Oktoba mwaka huo, siku 271.